Bei na Muda Havitenganishwi: Somo Kutoka Mikataba ya Washambuliaji wa Vikumbo

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara anayetafuta fremu ya duka hukutana na maswali mawili kwa mpigo: kodi ni kiasi gani, na mkataba ni wa miaka mingapi. Akikubali miaka mingi, huomba kodi ipungue. Akitaka mwaka mmoja mmoja, hulipa zaidi, lakini hubaki na uhuru wa kuhama biashara ikidoda. Wengi hujadili bei mpaka jasho likawatoka, kisha wakaandika muda bila kufikiri. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu bei na muda ni jambo moja lenye pande mbili.

Soko mojawapo linaloonyesha jambo hilo waziwazi ni lile la wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni huko Marekani na Kanada, katika ligi kuu iitwayo NHL. Sababu ni kwamba mikataba ya huko hujulikana hadharani, kwa dola na kwa miaka, na matokeo ya kila mchezaji huandikwa mechi kwa mechi. Mnunuzi akikosea, kosa lake husomeka. Na mchezaji mgumu kuliko wote kumpangia bei ni mshambuliaji kijana anayetumia nguvu za mwili.

BIDHAA YENYEWE

Katika mchezo huo, kumpiga mpinzani kikumbo ni halali iwapo ana mpira, ambao kwa kweli ni kisahani kigumu cha raba. Mshambuliaji wa vikumbo ni mtu mkubwa mwenye mbio anayefunga mabao kiasi, lakini pia huwafanya mabeki wa upande wa pili waachie mpira mapema kwa kuhofia kukumbwa. Faida hiyo haionekani yote katika pointi. Pointi huhesabiwa moja kwa bao na moja kwa pasi iliyozaa bao. Hofu iliyomfanya beki akosee haina safu yake katika daftari.

Bidhaa hii ina sifa tatu ambazo mnunuzi lazima azijue. Kwanza, sehemu ya thamani yake haipimiki kirahisi, hivyo ni rahisi kuilipia kupita kiasi. Pili, huchakaa: kila kikumbo kinachompata mpinzani humgusa na aliyekipiga. Tatu, ina hatari ya kusimamishwa, kwa kuwa mpaka kati ya kikumbo halali na kosa ni mwembamba.

SHERIA ZA SOKO

Ligi hiyo ilipoteza msimu mzima wa 2004/05 kwa mgogoro wa wenye klabu na wachezaji. Waliporudi, kila klabu iliwekewa kikomo cha jumla ya mishahara. Msimu wa 2005/06 kikomo kilikuwa dola milioni 39. Msimu wa 2016/17 kilikuwa milioni 73, na msimu wa 2018/19 milioni 79.5. Kwa hiyo dola inayolipwa kwa mtu mmoja ni dola isiyoweza kumlipa mwingine, hata kama mwenye klabu ni tajiri.

Kijana anayeingia kati ya umri wa miaka 18 na 21 husaini mkataba wa kwanza wa miaka 3 wenye mshahara uliowekewa mpaka. Ukiisha, bado hajawa huru. Klabu yake ina haki ya kulinganisha ofa ya klabu nyingine na kumbakiza. Uhuru kamili huja akifikisha miaka 27 au akimaliza misimu 7. Hivyo klabu inaponunua miaka ya kijana, miaka ya mwanzo ni ya bei nafuu kwa sababu hana soko, na ile inayovuka mpaka wa uhuru ni ya bei ghali kwa sababu angeweza kuiuza kwingine.

Kuhusu urefu, makubaliano ya mwaka 2013 yaliruhusu miaka 8 kwa mchezaji anayebaki klabuni kwake na 7 kwa anayehamia kwingine. Makubaliano yaliyofikiwa mwaka 2025 yanapunguza kipimo hicho kuwa 7 na 6 kuanzia Septemba 2026. Wenye klabu wenyewe wameona kuwa mkia mrefu wa mkataba ni hatari.

MFANO: TOM WILSON, 2016

Klabu ya Washington Capitals ilimchagua Tom Wilson mwaka 2012, akiwa wa 16 katika mgao wa vijana. Mkataba wake wa kwanza ulipomalizika mwaka 2016 alikuwa na umri wa miaka 22. Msimu uliokuwa umepita alikuwa amecheza mechi zote 82 na kufunga mabao 7, pointi 23. Nguvu alikuwa nazo, mbio alikuwa nazo, mabao hayakuwepo.

Klabu ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumfunga kwa miaka mingi wakati bei bado iko chini, kwa matumaini kuwa mabao yatakuja. Ya pili ni mkataba mfupi wa mpito: kulipa kidogo, kungoja, kisha kujadiliana upya. Ilichagua ya pili, miaka 2 kwa jumla ya dola milioni 4.

Mwaka wa kwanza wa mkataba huo alifunga tena mabao 7. Mwaka wa pili, 2017/18, alifunga 14 na kupata pointi 35. Katika mechi za mwisho za kuwania Kombe la Stanley akaongeza pointi 15 katika mechi 21, na Washington ikatwaa kombe hilo Juni 2018. Mwezi uliofuata alimwaga wino kwa miaka 6, dola milioni 31, wastani wa milioni 5.17 kwa mwaka.

Watu wengi husema hapo klabu ilipoteza: ingemfunga mapema ingelipa kidogo. Hesabu haikubali upesi hivyo.

HESABU YA KUSUBIRI

Ukijumlisha mikataba yote miwili, Washington ililipia miaka 8 kwa dola milioni 35. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwaka 2016 ingempa miaka 8 kwa milioni 4 kila mwaka. Jumla ingekuwa milioni 32. Kwa kuwa kijana alikua, klabu ingeokoa milioni 3.

Lakini mwaka 2016 hakuna aliyejua kama angekua. Kama angebaki mtu wa mabao 7, thamani yake ingebaki kama milioni 2 kwa mwaka, yaani milioni 16 kwa miaka 8. Klabu iliyomfunga kwa milioni 32 ingekuwa imelipa milioni 16 za ziada, tena ndani ya kikomo cha mishahara ambako hakuna pa kuzificha.

Kwa hiyo, kwa bei hiyo ya milioni 4, anayesaini muda mrefu anaweka rehani milioni 16 ili apate milioni 3. Ili dau hilo lisiwe la hasara, lazima awe na uhakika wa mara 84 katika 100 kwamba kijana atakua. Hakuna meneja mwenye uhakika wa namna hiyo kwa kijana wa mabao 7.

Sasa bei ibadilike, muda ubaki uleule. Tuseme miaka 8 ni kwa milioni 3.25 kwa mwaka, jumla milioni 26. Kijana akikua, klabu inaokoa milioni 9. Asipokua, inapoteza milioni 10. Hapo uhakika unaohitajika unashuka hadi mara 53 tu katika 100, na meneja anayemwamini kijana wake anaweza kusaini kwa moyo mkunjufu.

Miaka ni ileile 8 na kijana ni yuleyule. Tofauti ya dola 750,000 kwa mwaka ndiyo iliyogeuza dau baya kuwa dau la haki. Anayeuliza kama mkataba mrefu ni mzuri au mbaya hajauliza swali kamili. Anapaswa kuuliza ni mzuri kuanzia bei gani. Na milioni 3 ambazo Washington inadaiwa kupoteza zitazamwe kama ada ya bima: ililipa ili isibebe hatari ya milioni 16.

Ada hiyo ina upande wake mwingine. Kila mwaka wa kusubiri humsogeza kijana kwenye uhuru. Wilson aliposaini mwaka 2018 alikuwa amebakiza misimu 2 tu kabla ya kuwa huru. Katika miaka 6 aliyouza, 2 ilikuwa ya kufungwa na 4 ya uhuru, ndiyo maana bei ilipanda zaidi ya mara mbili.

KILICHONUNULIWA MWAKA 2018

Alipotia saini alikuwa na umri wa miaka 24, na mkataba ulikuwa umalizike akiwa na miaka 30. Hapa ndipo penye akili ya mkataba huo. Klabu ilinunua miaka ambayo mwili wa mchezaji wa aina hiyo bado uko imara, ikaishia kabla ya shaka kuanza.

Hatari zilijitokeza mapema. Wiki chache baada ya kusaini, katika mechi ya maandalizi ya Septemba 2018, alimkumba mchezaji wa St. Louis kichwani akafungiwa mechi 20. Msuluhishi alipunguza adhabu hadi 14, lakini uamuzi ulipotoka alikuwa ameshakaa nje mechi 16. Mwaka 2021 alifungiwa 7, na mwaka 2024 akafungiwa 6. Katikati ya hayo, Mei 2022 aliumia goti vibaya, akafanyiwa upasuaji, na hakurudi uwanjani mpaka Januari 2023.

Kwa misimu yote 6, Washington ilicheza mechi 453 za kawaida. Wilson alicheza 363. Ni kama mechi 80 katika kila 100. Kwa bei iliyoandikwa ya dola milioni 31, mechi moja ya ratiba iligharimu kama dola 68,400, lakini mechi moja aliyocheza kweli iligharimu kama dola 85,400. Hesabu hii haijatoa mshahara anaonyimwa mchezaji siku za kufungiwa. Hata hivyo inaonyesha jambo ambalo mnunuzi wa lori kuukuu analijua: bei ya chombo hugawanywa kwa siku kinazofanya kazi, na siku za gereji hazihesabiwi.

Pamoja na hayo, mkataba haukuwa mbaya. Misimu miwili ya mwanzo alifunga mabao 22 na 21, na msimu wa 2021/22 akafunga 24. Mtu wa mabao 20 na zaidi, anayeogopwa na mabeki, kwa milioni 5.17, hakuwa mzigo kwa klabu.

MKIA WA MKATABA

Hatari kubwa ya mikataba ya watu wa vikumbo haiko kwa vijana. Iko kwa mtu aliyekwisha kuwa huru, ambaye sifa zake zimeshajulikana mji mzima, na ambaye klabu inashindana kumpata.

David Clarkson aliwahi kufunga mabao 30 msimu wa 2011/12. Julai 2013, akiwa na umri wa miaka 29, Toronto Maple Leafs walimpa miaka 7 kwa dola milioni 36.75. Msimu wa kwanza alicheza mechi 60, akafunga mabao 5, pointi 11. Februari 2015 Toronto ilimbadilisha na mchezaji wa Columbus, Nathan Horton, ambaye mgongo wake ulikuwa umeharibika na hakucheza tena. Klabu moja ilitoa mtu wa gharama asiyezalisha, nyingine ikatoa mtu wa gharama asiyeweza kucheza.

Milan Lucic alisajiliwa na Edmonton Oilers Julai 2016, akiwa na umri wa miaka 28, kwa miaka 7 na dola milioni 42. Mwaka wa kwanza mabao 23, wa pili 10, wa tatu 6. Mwaka 2019 Edmonton ilimpeleka Calgary na ikalazimika kuendelea kubeba sehemu ya mshahara wake, huku ikimpokea mtu mwingine mwenye mkataba mzito.

Kesi zote mbili zinafanana katika jambo moja. Mnunuzi alilipia mabao ya jana kwa fedha za kesho. Miaka ya tano, ya sita na ya saba iliongezwa ili wastani wa mwaka upungue uingie ndani ya kikomo, bila mtu kuuliza mwili utakaokuwepo miaka hiyo utakuwa wa namna gani. Kupunguza bei kwa kuongeza miaka mibovu ni sawa na kununua gunia la mahindi kwa bei nafuu huku theluthi moja ya chini imeoza.

Njia ya kutoka ipo, nayo ina gharama. Klabu inaweza kuvunja mkataba kwa kulipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, au theluthi moja iwapo mchezaji hajatimiza miaka 26, malipo yakienezwa kwa muda mara mbili ya uliobaki. Lakini bonasi za kusaini hazipunguzwi. Wakala mjanja hujaza bonasi kwenye miaka ya mwisho, na mlango wa kutokea ukawa umepigwa kufuli.

PIMA KWA ASILIMIA, SIYO KWA DOLA TU

Oktoba 2021, Brady Tkachuk wa Ottawa Senators, kijana wa miaka 22 mwenye vikumbo na mabao pia, alisaini miaka 7 kwa wastani wa takriban dola milioni 8.2. Ulikuwa mkataba mkubwa kwa umri wake, naye alikuwa amegoma kambi ya mazoezi mpaka msimu unaanza.

Kikomo cha mishahara wakati huo kilikuwa milioni 81.5, hivyo alichukua kama asilimia 10 ya mfuko. Msimu wa mwisho wa mkataba ni 2027/28, na Januari 2025 ligi na chama cha wachezaji walitangaza kuwa kikomo cha msimu huo kitakuwa milioni 113.5. Milioni 8.2 ileile ni kama asilimia 7. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 35 na kupata pointi 83. Ottawa ilimnunua mtu anayepanda kwa bei iliyosimama.

Hili ni sawa na mwenye kodi ya duka iliyofungwa kwa miaka 7 huku kodi za mtaa zinapanda. Lakini lina tahadhari: kati ya 2019 na 2022 kikomo kilisimama pale pale kwenye milioni 81.5 kwa sababu ya janga la korona. Walioongeza miaka wakitegemea kupanda kwa soko peke yake walibanwa. Soko likipanda ni faida ya juu. Mkataba unapaswa kusimama hata lisipopanda.

UPANDE WA KIJANA

Mwuzaji naye ana hesabu yake. Mtaji wa mchezaji wa vikumbo ni mwili wake, na goti moja linaweza kufuta mtaji wote katika dakika moja. Kwa hiyo kijana anayekubali miaka mingi kwa bei ya chini siyo mjinga. Anauza sehemu ya faida ya kesho ili anunue usalama wa leo. Anayechukua muda mfupi, kama Wilson mwaka 2016, anajiwekea dau mwenyewe. Wilson alishinda. Lau lile goti lingeumia mwaka 2017 badala ya 2022, hadithi ingekuwa nyingine.

Mnunuzi mwenye busara hutafuta bei ambayo pande zote mbili zinapunguza hofu yao kubwa: kijana hofu ya jeraha, klabu hofu ya kupoteza mtu akikua. Bei hiyo mara nyingi ipo, kwa sababu hofu zao hazifanani.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KUSAINI

Kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo, iwe ni kukodi fremu, kununua gari la mizigo, kumwajiri fundi kwa mkataba au kufunga fedha kwenye hati fungani ya muda mrefu, maswali ni haya:

1. Kila mwaka wa mkataba unanunua nini? Uandikwe peke yake, mwaka kwa mwaka. Wastani huficha mwaka mbovu.

2. Mambo yakienda vizuri naokoa kiasi gani, na yakienda vibaya napoteza kiasi gani? Gawanya, uone uhakika unaohitajika, kisha ujiulize kama unao.

3. Kusubiri kunagharimu nini? Kama ni kidogo kuliko hasara inayokingwa, kusubiri ni bima. Kama mwenye mali atakuwa huru kesho, kusubiri ni ghali.

4. Chombo hiki kitafanya kazi siku ngapi katika 100? Gawanya bei kwa siku hizo.

5. Mlango wa kutokea uko wapi, na ni nani aliyeshika ufunguo?

Agosti 2023 Washington ilimwongeza Wilson miaka 7 mingine kwa dola milioni 45.5, kuanzia msimu wa 2024/25. Msimu wa kwanza wa mkataba huo alifunga mabao 33 na kupata pointi 65, mengi kuliko msimu wowote wa maisha yake. Wengi waliona hiyo ni hukumu tosha. Lakini mkataba huo unamalizika mwaka 2031, akiwa na umri wa miaka 37. Safari hii klabu haikununua miaka ya ujana; ilinunua miaka ileile iliyowaponza Toronto na Edmonton. Mwaka mmoja umelipa. Sita mingine ilikuwa bado haijahesabiwa siku mabao hayo 33 yalipoandikwa.